Siku Matenga ya Kuku Yalipopanga Foleni

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Ndugu Afisa Mtendaji wa Kata. Mwalimu Stefano, uliyekuwa msimamizi wa kituo chetu cha kupigia kura na mpaka leo hujapumzika kwa maswali. Ndugu yetu Nitin Hirji, mwenye duka la vipuri Singida mjini, uliyetuazima spika hizi na viti mnavyokalia. Wazee wangu wa Migunga Miwili, shikamooni. Na nyie vijana mliojaa huko nyuma karibu na barabara, mbona kimya? Mimi ndiye ninayeamkiwa hapa. Ehee. Marahaba, wanangu, marahaba.

Sasa nimefika pagumu. Asubuhi nilimuuliza mtu wa ratiba: baada ya wageni nimtaje nani kwanza? Mwenyekiti mpya wa kijiji, Jenifa Chediel, binti ambaye nimembeba mgongoni akiwa mchanga, au Mwenyekiti wa zamani, Baba Frank, mume wangu, ambaye nitarudi naye nyumbani jioni tukale chungu kimoja? Mtu wa ratiba akakuna kichwa, akasema, Mama Frank, hilo ni la ndoa, si la itifaki. Basi nawataja wote wawili kwa pumzi moja: waheshimiwa wenyeviti wetu, aliyeingia na ambaye bado anatoka.

Msicheke, bado sijaanza.

Ratiba inasema hapa paliwekwa Neno la Mwenyekiti Anayemaliza Muda Wake. Mimi si Mwenyekiti. Mimi ni Elizabeti, mke wake. Leo Baba Frank ameamka, akaniashiria kwa kidole kwamba koo limekauka, sauti haitoki kabisa. Nikampa pole, kama mke. Haukupita muda nikamsikia uani anamfokea mbuzi wa jirani mpaka mbuzi mwenyewe akaacha kutafuna. Lakini mimi si daktari. Mtu akisema sauti hana, hana. Akaniambia, kwa hiyo sauti ambayo hana, nenda wewe, sema neno fupi, washukuru watu, kaa chini. Baba Frank, umenioa miaka mingi. Lini mimi nimesema neno fupi?

Mheshimiwa Diwani, wewe umetoka mbali, huenda hujui kwa nini watu hawa wote hawamtazami msemaji, wanatazama koti la mume wangu. Jenifa ameshinda uchaguzi wa kijiji. Jenifa amekula kiapo. Lakini muhuri wa kijiji haujamfikia. Haujapotea, hapana. Uko mfuko wa kulia wa koti lile. Kwa jua hili la Singida, Mheshimiwa, umemwona mwingine hapa aliyevaa koti? Anakwenda nalo shambani, analala nalo limetundikwa kichwani kwake, na nikitaka kulifua ananiambia halijachafuka. Anasema hatoi muhuri mpaka pingamizi lake lisikilizwe. Na hoja ya pingamizi lake ni moja tu: kwamba siku ya uchaguzi, kuku walipanga foleni kinyume cha utaratibu.

Wakati yeye anatafuta wakili wa kesi ya kuku, shimo la choo cha stendi liko wazi. Vijana wamelichimba wenyewe, tofali wamefyatua wenyewe, fundi yuko tayari, lakini bila muhtasari wa kijiji uliopigwa muhuri hakuna anayeruhusiwa kupandisha ukuta. Juzi ametumbukia beberu wa Mama Damari. Ametolewa kwa kamba na watu wazima sita wanaotoka jasho, na yeye beberu ndiye aliyekuwa analalamika. Kesho atatumbukia nani? Hilo ndilo lililotuleta hapa leo. Si soda alizotuletea Nitin.

Wacha nieleze yalivyokuwa, maana mgeni rasmi asiondoke hapa akidhani sisi ni wendawazimu.

Kijiji chetu kinaishi kwa barabara. Mabasi na malori yakishashuka mlima Sekenke, breki zinanuka, dereva anataka kupumzika, na sisi tupo. Vijana wetu wanakimbilia madirishani na kuku, vitunguu, mafuta ya alizeti. Zamani pale stendi ilikuwa ngumi. Basi likisimama, kuku mmoja anavutwa na wauzaji watatu, abiria ananunua kuku ambaye shingo imeshakuwa ndefu kama ya mbuni. Ndipo ukawekwa utaratibu wa tenga. Ukifika stendi asubuhi unaweka tenga lako la kuku kwenye mstari. Tenga la kwanza linakwenda dirisha la kwanza, la pili la pili. Ukienda kunywa chai, tenga linabaki mahali pako. Ukirudi unasimama nyuma yake, hakuna wa kukuuliza. Kulisogeza tenga la mwenzako pale stendi ni tusi kubwa, hata mlevi halifanyi.

Aliyeuweka utaratibu huo nitamtaja baadaye. Baba Frank, tulia.

Sasa vijana hawa na siasa. Wanangu, mniruhusu niwaseme mbele ya wageni, maana nyumbani huwa hamnisikilizi. Kwa miaka mingi nyie mlikuwa mapambo ya mikutano ya kampeni. Mgombea akija, mpo. Akileta fulana, mnavaa. Akileta kofia, mnavaa juu ya ile ya jana. Peniel, simama wakuone. Huyu ni Peniel, dereva wa bodaboda. Kampeni iliyopita kabla ya hii, huyu alikuwa na fulana ya mgombea mmoja, kofia ya mwingine, na kiti cha pikipiki amekivalisha bendera ya wa tatu. Kwenye mikutano ya mume wangu alipiga kelele za "Baba! Baba!" mpaka nikadhani kuna kitu sijaambiwa. Siku ya kura tunamtafuta, yuko wapi? Amelala. Hata kujiandikisha hakujiandikisha. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama, siasa ni mambo ya wazee. Kura yangu moja itabadilisha nini?" Kaa, baba. Umeshaonekana.

Na sisi wazee tulipenda hivyo hivyo. Nani atakataa? Kijana anayepiga makofi na hapigi kura ni kijana mzuri sana kwa aliyeko madarakani. Mume wangu alishinda, akashinda, akashinda tena, na waliomchagua walikuwa walewale wazee wanaokaa kwenye benchi la pale mashine ya kukamulia alizeti. Akienda kuwasalimia pale, ameshamaliza kampeni.

Kisha ukaja mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao Jenifa alisimama. Jenifa alikuwa anauza kuku pale stendi, kama alivyo mpaka leo. Akasema, "Mwenyekiti, shikamoo. Sisi wasichana wa stendi tunashinda pale kutwa nzima na hakuna choo. Kila uchaguzi unatuahidi choo. Kitajengwa lini?" Baba Frank akavuta koti, akatabasamu lile tabasamu lake la jukwaani, akasema, "Binti yangu, vuteni subira. Nyinyi vijana ni taifa la kesho." Na Jenifa, bila kupandisha sauti, akajibu, "Sawa, Mwenyekiti. Lakini haja imenishika leo."

Jamani! Mkutano ulivunjika. Watu walicheka mpaka Mtendaji akashindwa kuandika. Mama Damari aliketi chini kabisa. Mume wangu alirudi nyumbani akasema maneno kwa Kinyiramba ambayo siwezi kuyatafsiri mbele ya mgeni rasmi. Mimi nilikuwa napepeta mtama, sikuinua kichwa, maana ningeinua angeona meno yangu.

Jenifa akachukua fomu akagombea. Benchi la alizeti likacheka. Na wa kwanza kumkatisha tamaa hakuwa mzee, alikuwa Peniel. "Dada, kura moja moja hizi zitafanya nini?" Jenifa akamwambia, "Peniel, juzi basi liliondoka na kuku wako mmoja. Ulilikimbiza na pikipiki mpaka Shelui. Mbona hukusema ni kuku mmoja tu?"   Kesho yake Peniel akaenda kujiandikisha, na jioni alikuwa anabeba wenzake kwenye pikipiki kuwapeleka kujiandikisha, anawafokea njia nzima kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Ikabaki shida moja. Kupiga kura ni siku moja, na siku hiyo mabasi hayapumziki. Kijana amesimama kwenye foleni, basi linapiga honi, atafanya nini? Atakimbia. Akirudi nafasi imeliwa, anakata tamaa, anakwenda kulala. Miaka yote hiyo ndiyo iliyowashinda. Hawakuwa wavivu wote, tuseme ukweli. Walikuwa na njaa, na basi lilikuwa linapita.

Siku ya uchaguzi ikafika. Kulipopambazuka, uwanja wa kituo cha kupigia kura ulikuwa na foleni ndefu, kutoka mlango wa chumba mpaka kwenye mnazi... mnazi! Singida kuna mnazi? Woga wa kipaza sauti huu. Mpaka kwenye mgunga ule mmoja uliobaki. Foleni imenyooka kama ya jeshi. Na hakuna mtu hata mmoja. Ni matenga. Kuku wanachungulia, jogoo anawika. Mwalimu Stefano alifungua mlango wa kituo akiwa na kalamu sikioni, akatazama, akafunga mlango, akafungua tena.

Mume wangu alipita pale akielekea kuwasalimia wapiga kura wake. Akasimama mbele ya tenga la kwanza kabisa. Akacheka, Mheshimiwa, akacheka mpaka akashika mgunga. Akarudi mbio nyumbani: "Mama Frank, Mama Frank! Toka ukaone! Vijana wamekwenda stendi, wamewaachia kuku wapige kura!" Nikasema, kweli? Nikammiminia chai. Akanywa, akaenda kwenye benchi la alizeti, akawaambia wazee wenzake, "Hakuna haja ya kuchomwa na jua. Kituoni kuna kuku tu. Na kuku hawapigi kura. Tutakwenda jua likipoa."

Wazee wangu, mkakaa. Nyie ni waaminifu, nawasifu kwa hilo. Mkasimuliana, mkacheka, mkaagiza kahawa. Kule kituoni kila basi likiondoka, vijana walikuwa wanarudi kwa mafungu, kila mmoja anasimama nyuma ya tenga lake, anaingia, anapiga kura yake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe, anatoka, anabeba kuku wake. Mwalimu Stefano aliuliza mara moja tu, "Kuna anayelalamikia nafasi ya mwenzake?" Hakuna. Hakuna aliyerukwa, hakuna aliyesukumwa. Wasichana wa stendi walipiga, mafundi wa pancha walipiga, Peniel alipiga akatoka analitazama dole lake lenye wino kama mtu aliyevishwa pete. Na hata wazee wangekuja wakati wowote, wangepata nafasi yao, foleni ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Sasa, Mheshimiwa Diwani, kituo kinafungwa saa kumi jioni. Na jua la Migunga Miwili linapoa saa ngapi? Wenyeji, mwambieni. Ehee! Saa kumi na moja. Mume wangu na wazee wake walifika pale wakitembea taratibu, wameshiba kahawa, wamepoa vizuri kabisa, wakamkuta Mwalimu Stefano ameshafunga mlango. Hata mgombea mwenyewe hakujipigia kura. Na walipohesabu, Jenifa alikuwa amemzidi Baba Frank kwa watu wanaotosha kukaa kwenye benchi moja.

Hilohilo benchi.

Ndiyo maana anasema kuku walipanga foleni kinyume cha utaratibu. Baba Frank, nimekusikiliza wiki zote hizi, kitandani, mezani, shambani. Leo nisikilize wewe. Utaratibu wa matenga nani aliuweka pale stendi? Wazee wa benchi, semeni. Vijana hawajui, walikuwa hawajazaliwa. Ni huyu! Ni Gaspari huyu, Baba Frank wangu, wakati ule muuza kuku, kijana mwembamba aliyevaa kaptula iliyotoboka, aliyechoka na ngumi za madirishani. Alisimama akasema, kuanzia leo atakayelitangulia tenga la mwenzake hauzi hapa. Watu wakatii. Ndiyo sababu walimchagua Mwenyekiti mara ya kwanza kabisa, na aliwashinda wazee wa wakati ule waliomwita mtoto. Mimi nilikuwa abiria tu, nakwenda kwa shangazi Nzega. Nilinunua kuku kwake dirishani, basi likaondoka hajanipa. Akalikimbiza basi kwa miguu, kuku mkononi, mpaka lilipopunguza mwendo, akanipa kuku wangu, akashindwa hata kusema kwa kuhema. Shangazi yangu aliniambia, huyo atakuwa mume au kichaa. Niliridhika na vyote viwili.

Sasa mtu huyohuyo amesimama mbele ya tenga la kwanza kwenye foleni, amelicheka, amesema kuku hawapigi kura. Hukulitazama vizuri, mume wangu. Lilikuwa na kitambaa chekundu kwenye mshikio. Nani alikifunga kile kitambaa? Wewe. Ni tenga lako, lile ulilokuwa nalo siku ile ya basi. Limekaa juu ya dari la jiko letu miaka yote, na wewe unapita chini yake kila siku ukiinama usigonge kichwa.

Niliamka kabla yako, nikalishusha, nikaweka jogoo mmoja ndani, nikalipeleka kituoni, nikarudi kukuwekea chai. Ndiyo. Wa kwanza kwenye foleni nilikuwa mimi.

Tulieni! Tulieni. Mheshimiwa Diwani, na wewe tulia. Najua mnataka kuuliza nini. Kura ni siri. Nimeulizwa na dada zangu, nimeulizwa na mchungaji, na huyu mwenye koti ananiuliza kwa macho tangu dakika hii. Kura ni siri, na itazikwa na mimi. Ninachosema ni kwamba nilikwenda mapema, kama alivyonifundisha mume wangu.

Baba Frank, sikusemi ili nikuaibishe. Mimi nakupenda, na watu hawa wanakupenda, ndiyo maana hakuna aliyekuja kukuvua koti kwa nguvu. Lakini hukushindwa na kuku. Umeshindwa na utaratibu wako mwenyewe, uliofanya kazi vizuri. Ni muuza kuku gani mwingine katika nchi hii aliyeweka kitu stendi, kikaja kuchagua Mwenyekiti? Ungekuwa na akili zako zote leo ungekuwa unatamba hapa mbele badala yangu.

Na nyie vijana mnaopiga vigelegele, nyamazeni, zamu yenu imefika. Mmeshinda, hongereni. Wiki iliyopita Jenifa aliitisha kikao chake cha kwanza kuhusu choo. Mlikuja wengi, mkapendeza. Katikati ya ajenda ya pili basi la Mwanza likapiga honi. Mliondoka wote! Hata viti vilianguka. Jenifa akabaki na nani? Na benchi la alizeti. Wazee walewale waliomnyima kura ndio waliokaa naye mpaka mwisho. Na katikati ya vile viti vitupu mlikuwa mmeacha nini? Matenga! Wanangu, tenga linashika foleni, sikatai. Lakini tenga halinyooshi mkono. Kwenye mkutano ni mkono wako au hakuna kitu. Mkimchagua mwenzenu kisha mkamwachia wazee wa kahawa, msije kulalamika choo kikijengwa karibu na benchi.

Sasa namalizia, maana Baba Frank mkono wake umeingia mfukoni. Nimeuona. Tusimharakishe, jamani, tumpe nafasi. Toa, mume wangu.

Hiyo ni leso. Jifute, hakuna anayekucheka. Mfuko wa kulia.

Haya. Anasimama. Jenifa, inuka ukampokee, usingoje afike, goti linamsumbua tangu lile basi la Nzega. Upokee muhuri kwa mikono miwili. Hivyo hivyo. Mmeona? Nitin, ongeza sauti, watu wa nyuma wasikie, maana Baba Frank anasema kitu na sauti imerudi kumbe. Anasema... subirini... anasema mlango wa choo usielekee barabarani, uelekee mgunga, wasichana wapate stara. Mwenyekiti, sikia hilo, ni neno la mtu aliyejua shida hiyo muda mrefu. Na sasa vua koti, baba. Vua. Nitalifua kesho.

Mheshimiwa Diwani, ratiba inasema baada yangu kijiji kinapiga kura ya mikono kuhusu ujenzi wa choo. Na mimi nasikia honi. Ni la Mwanza, linashuka. Limejaa, nasikia linavyolia. Vijana, siwafungi kamba, madirisha ndiyo yale, na kila mmoja anajua nyumbani kwao kuna nini cha kula.

Linasimama.

Abiria wanatoa vichwa, wanatafuta kuku. Mbona... Peniel? Hata wewe umekaa? Basi liko pale, baba, na matenga yako kwenye mstari. Hamwendi? Dereva anapiga honi ya pili, anadhani kijiji kimehamia kwingine. Ngoja kidogo, dereva! Watu wako kazini hapa!

Baba Frank, geuka nyuma utazame. Utazame vizuri safari hii.

Mwenyekiti Jenifa, watu wako ndio hao, na mikono yao wamekuja nayo. Uliza swali lako haraka, kuku hawatasubiri siku nzima. Mimi nakaa. Asanteni, mlionisikiliza mkiwa mmekaa, na zaidi asanteni nyie ambao basi lilipopiga honi hamkunyanyuka.